Dini za Dunia

Kama Télesphore angalilitamka neno lile kwa Kifaransa, watu wa Nyantende wangalimheshimu bila kumwelewa, na mambo yangaliishia hapo. Lakini alilitamka kwa Kiswahili, kwenye kijia, akiwa na uchovu wa safari, na Kiswahili cha Nyantende kina kumbukumbu zake.

Ulikuwa mwaka wa tatu wa vita vya pili vya pande za Bukavu. Télesphore alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, mume wa Rosette, baba wa watoto wanne, mwenye shamba la mihogo lililoinamia bonde, na zaidi ya hayo yote alikuwa katekista wa kapela. Padri hakuwa amefika tangu kiangazi, kwa maana barabara ilikuwa na wenye bunduki wa kila namna, na kila kundi lilikuwa na sababu yake ya kumsimamisha mpita njia. Kwa hiyo Télesphore ndiye aliyeongoza sala ya Jumapili, ndiye aliyewafundisha watoto wa komunyo ya kwanza, ndiye aliyezika. Kazi hiyo aliipenda kuliko shamba. Aliipenda hasa saa ile ya Jumamosi ambapo watoto, miguu yao ikining'inia kwenye benchi, walimtupia maswali ambayo padri asingeulizwa: Mungu analala wapi, na kama Yesu alikuwa na kaka wa kumpiga.

Siku za juma alikuwa mwanafunzi. Taasisi moja ya juu mjini Bukavu ilikuwa imempokea katika sayansi za dini, naye alikuwa amefika mwaka wa pili. Akimaliza graduat, shahada ya miaka mitatu, angeweza kufundisha dini katika sekondari, na hiyo ndiyo sababu aliyowapa watu. Sababu nyingine hakuwapa, kwa kuwa hakuijua vizuri. Alikuwa tu na kitu kifuani kisichotulia, kama mtu aliyetoka nyumbani akihisi ameacha moto ukiwaka, naye alidhani vitabu vingemwambia ni moto gani.

Somo lililomshika kuliko yote lilikuwa historia ya dini, na mwalimu wake alikuwa Abbé Venant, padri mwembamba aliyefundisha macho yakiwa dirishani, kana kwamba dini zote zilikuwa zikipita chini barabarani.

“Imani yenu siwakatazi,” alikuwa akisema, “ila iwekeni kwanza katika mabano. Fungua mabano, weka imani yako ndani, funga. Kisha mtazame mwenzako anavyosali, kana kwamba wewe ndiwe uliyezaliwa kwao. Usimhukumu. Usimsaidie. Mtazame.”

Wanafunzi waliandika. Dini ya Wahindu waliisoma vitabuni tu, maana wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa wakikaa mjini walikuwa wamefunga maduka na kwenda zao. Ya Wabuddha nayo ikawa ya vitabu. Lakini Uislamu ulikuwa hapo hapo, na kila mwanafunzi alitakiwa kwenda msikitini mara moja, akae nyuma, atazame, kisha aeleze darasani alichokiona.

Télesphore alikwenda Ijumaa moja, akavua viatu mlangoni, akaketi karibu na ukuta. Mzee mmoja, bila kumuuliza ni nani, alijisogeza kidogo ili mgeni apate mkeka. Kisha safu zikainama pamoja, bega kwa bega, mapaji ya nyuso chini, na hapakuwa na mtu aliyegeuka kutazama kama jirani yake anainama vizuri. Télesphore alijitazama moyoni akakuta humo kitu ambacho Abbé Venant hakuwa amekitaja. Alikuta wivu. Angetaka watu wake wa Nyantende wasali hivyo, bila kupiga chafya kwa makusudi ili mahubiri yafupishwe. Halafu akajiuliza: ni katekista gani huyu anayeona wivu mbele ya dini ya wengine? Swali hilo lilimsindikiza njia nzima, kutoka mjini hadi Panzi, na kutoka Panzi hadi kwenye vilima vya nyumbani.

Tangu siku hiyo mabano hayakufungika. Jumapili, akisimama mbele ya watu kusali Nasadiki, alijisikia akisali na hapo hapo akijitazama anavyosali. Hapa tunasimama, wengine hupiga magoti. Hapa watu wanaitika, na wale kule nao wana kiitikio chao. Mdomo ulikuwa wa katekista, macho yalikuwa ya mwanafunzi. Usiku mmoja alimuuliza Rosette kama sauti yake kanisani ilikuwa imebadilika.

“Sauti ni ile ile,” Rosette akajibu. “Ila unasalika sawa mutu anangojea gari.”

Njia nayo haikumpa raha. Karibu na Panzi palikuwa na bariere, kizuizi cha wanajeshi, na asubuhi moja mwanajeshi alimwaga mfuko wake mzima juu ya jiwe. Katikati ya viazi vitamu vya chakula cha mchana ilitoka karatasi ya somo yenye picha.

“Oyo nani?” mwanajeshi aliuliza kwa Kilingala, kisha akarudia kwa Kiswahili. “Huyu mutu munene ni nani? Ni mukubwa wenu wa Kinshasa?”

“Hapana, chef. Ni Buddha. Mutu wa zamani, wa kule Inde.”

“Alikuwaka na jeshi?”

“Baba yake njo alikuwa mufalme. Yeye aliacha yote, akaenda kukaa mu pori kufikiri.”

“Aliacha na bibi?”

“Bibi na mutoto.”

Mwanajeshi aliinua karatasi ile, akaitazama kwa muda, bunduki ikimning'inia begani kama jembe la mtu aliyepumzika.

“Miye pia niliacha bibi na mutoto,” akasema, “na hakuna mutu ananipigaka photo. Pita.”

Télesphore alipita, akacheka, kisha akaacha kucheka. Katika mwaka mzima wa masomo hakuwa amewahi kumfikiria mke wa Buddha.

Sasa tufike kwenye kijia. Ilikuwa alasiri, naye alikuwa akirudi nyumbani, akakutana na Philémon aliyebeba kidumu cha kasiksi, pombe ya ndizi aliyoitengeneza mwenyewe. Philémon alikuwa mjumbe wa baraza la kapela, mtu mwema mwenye ulimi usiojua kukaa ndani. Katekisimu aliijua yote kwa moyo, maswali na majibu, na hakuwahi kumsamehe Télesphore kwa kuchaguliwa badala yake.

“Télé! Kila siku Bukavu, Bukavu. Unasomaka nini kule?”

“Dini, papa Philémon.”

“Dini uko nayo. Mutu anasomaka kitu hana.”

“Nasoma dini za dunia.”

Philémon alitua kidumu chini.

“Za dunia?”

“Za dunia yote.”

“Yote!” Philémon akasema, akakibeba kidumu tena na kuondoka haraka kuliko mtu mwenye mzigo anavyoweza.

Télesphore alidhani amemvutia. Alikuwa amefasiri tu jina la somo lake, neno kwa neno, na akilini mwake dunia ilikuwa ramani ya ukutani yenye bahari za buluu. Lakini Nyantende dunia si ramani. Nyimbo za dunia ni zile zinazopigwa kwenye nganda, mahali pa bia na mabega wazi. Mtu wa dunia ni yule asiyekanyaga kanisani. Mambo ya dunia ndiyo yanayokataliwa siku ya ubatizo, pamoja na Shetani na fahari zake. Na aliyewafundisha watoto kuyakataa, kila Jumamosi, kwa sauti kubwa, alikuwa Télesphore mwenyewe.

Habari ilishuka bondeni ikapanda upande wa pili. Siku chache baadaye Rosette alirudi kutoka kisimani, ndoo yake nusu tupu kwa hasira.

“Banasema unasoma dini ya Shetani,” akamwambia, “na dini ya miziki, na ile ingine ya kuvua viatu. Mutu alikuona ku musikiti.”

“Ya kuvua viatu ni kweli. Nilivua.”

“Njo vile! Unavua viatu mu Bukavu, aibu inatembea miguu chini hapa!”

“Rosette, ni masomo.”

“Miye najua ni masomo. Ni miye naoshaka mashati ya masomo. Lakini baraza bakikuita, utasema nini?”

Baraza liliita. Baada ya sala ya Jumapili watu waliambiwa waende, wajumbe wakabaki kwenye benchi za mbele, na Télesphore akaonyeshwa benchi ya watoto, ambayo ilimfanya magoti yamfikie kifuani. Alijua kilicho mezani. Wangeweza kumnyang'anya Jumamosi zake, wangeweza kumnyang'anya kapela yote, na katika vita vile hapakuwa na padri wa kumlilia. Jambo lililomsumbua zaidi ni kwamba hakuwa na hakika kama wangekosea. Alikuwa amekuja kujitetea huku nusu ya nafsi yake ikikaa upande wa waliomshitaki.

Papa Alphonse, mwenyekiti wa baraza, alisafisha koo.

“Katekista, hapa haiko tribunal. Tuko batu ya nyumba moja. Tunataka tu kusikia na kinywa yako. Banasema unasoma dini za dunia.”

“Ni kweli, papa.”

Benchi zikalia. Philémon aliwageukia wenzake mikono wazi. “Si niliwaambia? Ata hakatai!”

“Dunia nasema ni ile Mungu aliumba,” Télesphore akaendelea. “Inchi zote. Kwa Kifaransa ni religions du monde. Ni dini ya batu ya Inde, ya batu ya Chine, ya Barabu, ata ile ya babu zetu, bankambo ya sisi Bashi, mbele mapadri bafike.”

“Ya batu?” aliuliza maman Marcelline, mkubwa wa wamama wa kapela, mwanamke aliyewazaa watu kumi na kuwazika watatu, na ambaye hakupenda kupotezewa muda.

“Ya batu, maman.”

“Sasa juu ya nini hausemi dini za batu? Wewe unasema dunia, sisi tunasikia nganda!”

Kicheko kiliwapasuka wote mara moja, hata papa Alphonse, hata mzee mmoja wa pembeni ambaye alikuwa amesinzia na hakujua kinachochekwa.

“Na viatu?” Philémon alijaribu tena, kwa sauti iliyopungua nguvu.

“Kwao hauingie na viatu mu nyumba ya Mungu.”

“Na hii matope yetu,” papa Alphonse akasema akipangusa machozi, “tungefanya sisi pia vile. Rosette na wenzake hawangefagia tena.”

Télesphore alicheka pamoja nao. Mgongo wake ulilegea, na kwa kitambo kidogo aliamini kwamba yamekwisha. Kisha akaona kuwa Marcelline hacheki.

“Télesphore, mutoto wangu,” akasema, na sauti yake ilikuwa laini. “Mutu kutembelea nyumba ya jirani haiko zambi. Ata kula kule. Miye siulize kwenda, nauliza kurudi. Umeziona zote. Ukirudi hapa kwetu, bado unaamini, ao unatuangaliaka tu?”

Neno moja lingetosha. Watu wote katika kapela ile walikuwa tayari kulipokea na kwenda nyumbani kula. Lakini mwanamke huyu, ambaye hakuwahi kumsikia Abbé Venant, alikuwa ameweka kidole mahali penyewe. Télesphore alitafuta neno la kweli mahali palipohitaji neno la haraka. Alifikiri: ninaamini, hakika ninaamini, ila yule anayeamini na yule anayemtazama anavyoamini ni watu wawili siku hizi, nao wanakaa katika shati moja. Hayo yangesemwaje kwa mwanamke aliyezika watoto watatu kwa sala zake, Télesphore? Nje mtu alikuwa akitwanga mihogo. Mchi ulipanda ukashuka, ukapanda ukashuka.

“Ninaamini, maman,” akasema mwishowe. “Ila siku hizi imani yangu ni sawa mutu anapanda mulima na muzigo. Inasimama-simama.”

“Aksanti,” Marcelline akajibu. Hakukasirika, na hilo lilimuumiza kuliko kama angekasirika.

Alitolewa nje. Alisimama chini ya upenu wa kapela akijikumbusha maneno yake, akiyapanga upya, akiyafanya mafupi, akiyafanya marefu. Wakati mmoja alijiona shujaa aliyekataa kusema uongo. Mara akajiona mjinga mwenye majivuno, aliyewapa watu wenye njaa ya uhakika shaka yake mwenyewe ya mwanafunzi, tena kwa mfano uliopambwa. Alikuwa bado hajaamua ni yupi kati ya hao wawili papa Alphonse alipotoka.

“Batoto tutapatia Philémon,” mzee akasema.

“Philémon haelezaki, papa. Anasemaka tu vile iliandikwa.”

“Njo vizuri. Mutu asiyejua kueleza, hataeleza mubaya.”

“Na sala ya Jumapili?”

“Philémon.”

“Basi miye nimemaliza.”

“Bado. Wafu tunakuachia wewe.”

Télesphore alidhani hakusikia vizuri. “Wafu?”

“Philémon anaogopaka maiti, akiona tu anatetemeka. Na tena,” papa Alphonse alishusha sauti na kumshika mkono, kwa heshima, kama mtu anayetoa zawadi, “mufu hawezi kupotezwa na masomo.”

Njiani Télesphore alijikuta akitembea kwa wepesi. Hakuna Jumamosi, hakuna Nasadiki mbele ya macho ya watu, hakuna kujitazama. Alikuwa amefarijika, na alipotambua kwamba amefarijika aliona haya, na haya ile ikamharakisha zaidi. Rosette alikuwa mlangoni.

“Bamekufukuza?”

“Bamenipa wafu.”

Rosette alilitafakari jambo hilo huku akimenya ndizi.

“Basi,” akasema, “kazi haitakosa.”

Haikukosa. Katika madarasa ya shule ya msingi walikuwa wamejaa wakimbizi waliotoka pande za Mwenga, na miongoni mwao mama mmoja wa Luhwindja aitwaye Madeleine pamoja na mwanawe Zagabe. Kijana huyo alikuwa mchimba dhahabu. Wenye bunduki walikuwa wameingia machimboni, risasi ikampata pajani, na mama yake akamleta kwa miguu na kwa machela hadi Nyantende, akitumaini kufika hospitalini mjini. Kidonda kiliwatangulia. Zagabe alifariki kabla juma halijaisha, na mtu wa kumzika alikuwa Télesphore.

Alizika kama alivyozoea. Wamama wa kapela waliimba, Marcelline akiongoza, na wanaume wa Nyantende walichimba kwa ajili ya mtoto wa watu ambaye hawakumjua. Télesphore alisoma, akanyunyiza maji, akatupa udongo wa kwanza. Hakuna aliyemtazama kama anaamini. Walikuwa wakitazama shimo. Alipomaliza na kugeuka aondoke, mkono ulimshika mkono wa shati. Ulikuwa mkono wa Madeleine.

“Katekista,” akauliza, “yuko wapi sasa?”

Haikuwa kelele ya kilio. Lilikuwa swali, na aliyeuliza alikuwa akingoja jibu. Télesphore alikuwa na majibu mengi. Kuna wanaosema kwamba atazaliwa tena katika mwili mwingine. Kuna wanaosema kwamba malaika wanakuja kumhoji kaburini. Kuna wanaosema kwamba amelala, asijue lolote, hadi siku ya mwisho. Na mababu wa Madeleine mwenyewe wangesema kwamba anarudi kwenye shamba la migomba la ukoo wake, awe karibu na waliomtangulia, ila shamba hilo lilikuwa Luhwindja na njia yake ilikuwa imefungwa. Yote hayo aliyajua kwa utaratibu, na Abbé Venant alikuwa amemsifu mbele ya darasa.

“Yuko kwa Mungu, maman,” akasema.

Lilitoka mara moja, bila kusimama-simama, bila mzigo wala mlima. Aliisikia sauti yake mwenyewe ikamshtua, na kando ya kaburi alimwona Marcelline akiinua uso kumtazama. Kama angalijibu hivyo kule kwenye benchi ya watoto, leo watoto wa Jumamosi wangekuwa bado wake. Kwa nini hakuweza kule na ameweza hapa? Labda hii ndiyo imani, na kule ilikuwa fikra tu. Labda hii ni huruma tu, na mtu mwenye huruma husema lolote mbele ya mama aliyefiwa. Basi kule alisema kweli na hapa amedanganya. Alitamani kulirudisha neno lile kinywani, alichunguze limetoka wapi, lakini lilikuwa limekwisha kuondoka, na mwanamke yule alikuwa amelishika kama alivyoshika shati.

Manyunyu yalianza. Wanaume waliweka majembe begani, wimbo ukaisha, watu wakaanza kushuka wawili wawili kuelekea shuleni. Madeleine hakumwachia.

“Sema tena.”

“Yuko kwa Mungu.”

Alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa, jinsi mtu anavyosikiliza hatua za mgeni zilizo mbali, ili ajue kama zinakuja au zinakwenda. Mvua ikazidi. Marcelline alikuwa bado amesimama pale, khanga juu ya kichwa, haondoki.

“Tena, papa,” Madeleine akasema.

Télesphore akamwambia tena.